Nimuulize waziwazi, au nitampa wazo?

Kaka_Mtu: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Rafiki yangu tangu aachishwe kazi si yule ninayemjua. Halali, simu hapokei. Juzi kanikabidhi gitaa lake, lile ambalo hakuruhusu mtu aliguse, akasema, "Litunze, mimi sitalihitaji." Nikacheka; yeye hakucheka. Naogopa kumuuliza kama anafikiria kujiua, nisije nikamtia wazo ambalo hakuwa nalo.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku: Muulize, tena leo. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo. Shirika la Afya Duniani linaitaja hofu hiyo miongoni mwa imani potofu. Ila usizungukezunguke na "hufikirii upuuzi, eti?" maana hapo umeshamjibia. Sema: "Unafikiria kujiua?" Kisha nyamaza, hata kimya kikiwa kirefu. Akikubali, muulize kama ameshapanga namna na lini, na kama alishawahi kujaribu. Aliyewahi kujaribu yuko hatarini zaidi. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu. Dawa na chochote anachoweza kujidhuru nacho kiondolewe karibu naye. Ile hali kali mara nyingi hupita, na kucheleweshwa kidogo tu kunaweza kumwokoa.

Mzee_wa_Kona: Anatafuta huruma huyo. Anayesema hafanyi. Mpelekeni akaombewe.

Nimebaki: Mzee wangu, shikamoo, ila hapo hapana. Mimi nilisema, kwa watu kadhaa, na nilikuwa namaanisha. Maombi nayapenda, naendelea nayo pamoja na dawa za sonona. Walionimaliza ni wale wa "wenzako wana shida kuliko wewe." Aliyenisaidia ni binamu yangu: aliniuliza moja kwa moja, akakaa nami foleni ya daktari huku akilalamikia ugumu wa viti. (Na kweli vilikuwa vigumu.)

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku: @Mzee_wa_Kona, watu zaidi ya 700,000 duniani hufa kwa kujiua kila mwaka, na wengi huwa wameonyesha dalili kwanza. Gitaa hilo ni dalili.

Kaka_Mtu: Nimemuuliza. Amekubali, na aliwahi kujaribu akiwa shule. Dada yake yuko njiani. Kesho asubuhi tunampeleka hospitali.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku: Kama ameshapanga namna, msingoje asubuhi. Nendeni sasa hivi kitengo cha dharura, na pale mapokezi tamkeni wazi kwamba anataka kujiua. Mkisema "anaumwa kichwa" mtawekwa mwisho wa foleni. Hadi dada afike, usimwache peke yake.