Mada: Picha tatu za Mantegna zirudi Verona, au zibaki Ufaransa?

Mleta mada: Wakuu, salaam. Hoja hii nimekuwa nayo tangu nilipoingia Basilika ya Mtakatifu Zeno, Verona, kaskazini mwa Italia. Kwenye altare kuu ipo kazi ya Andrea Mantegna, aliyoichora miaka ya 1450 mwishoni kwa agizo la abati (mkuu wa watawa) Gregorio Correr. Juu kuna picha tatu kubwa: katikati Bikira Maria na Mtoto, na watakatifu wanne kila upande. Chini yake kuna tatu ndogo: Yesu akisali bustanini, Yesu msalabani, na ufufuko. Zote zimebebwa na fremu moja ya mbao, imechongwa na kupakwa dhahabu, ina nguzo nne na kilele cha duara.

Tatizo ni kwamba zile ndogo tatu ni nakala. Mwaka 1797 watu wa Verona waliwaasi Wafaransa siku za Pasaka, wakashindwa, na jeshi la Napoleon likabeba picha zote sita. Napoleon alipoanguka mwaka 1815, zilirudi kubwa tu. Ya msalabani iko makumbusho ya Louvre, Paris. Mbili nyingine ziko makumbusho ya mji wa Tours, hukohuko Ufaransa. Mimi nasema zirudi. Nyie je?

Wakili Mstaafu: Pole pole, mkuu. Mali ya makumbusho ya umma Ufaransa haiuzwi wala haigawiwi, mpaka sheria ya Bunge iruhusu. Hata vile vitu 26 vya jumba la kifalme la Abomey vilivyorudi Benin mwaka 2021 vilitungiwa sheria yake mwaka 2020. Halafu madai haya yalikwishazungumzwa mwaka 1815! Chukua ile Harusi ya Kana, picha ya mchoraji Veronese, iliyotolewa Venice mwaka huohuo wa 1797. Upande wa Venice ulikubali kupewa picha ya mchoraji Mfaransa Le Brun badala yake. Ukishapokea mbadala, unarudi kudai nini?

Fundi Nakshi: Wakili, umeongea kama mtu anayehesabu picha. Mimi nachonga milango, naona kitu kingine kabisa.

Tazameni fremu. Zile nguzo za mbao hazikuwekwa kupamba. Nyuma yake Mantegna amechora nguzo za mraba, jengo lililo wazi pande zote, na watakatifu wamesimama ndani yake. Nguzo za mbao ndiyo safu ya mbele ya jengo hilohilo. Yaani nusu ya nyumba imechongwa na nusu imechorwa, na jicho halijui lilipovuka. Tena hakuishia hapo: lilitobolewa dirisha upande wa kulia wa kanisa, ili mwanga wa kweli uingie ukitokea kule alikotokeza mwanga wa rangi. Fundi wa namna hiyo huwezi kumwambia picha ni picha, popote itatundikwa.

Huku kwetu mlango una miimo, una kizingiti, una mfaa katikati. Nimeshaona mfaa umeng'olewa ukapachikwa peke yake ukutani hotelini, taa inaumulika, wageni wanapiga picha. Wao wanaona sanaa. Mimi naona mlango uliovunjwa.

Mdogo wa Mwisho: Fundi nakuheshimu, ila nakala ina ubaya gani? Hiyo Harusi ya Kana, mwaka 2007 mafundi kutoka Madrid waliipima kwa mashine wakatoa nakala yenye ukubwa uleule, ikawekwa Venice kwenye ukuta wake wa zamani. Halafu picha ndogo huchorwa ili usogee. Ile ya msalabani ukiisogelea unaona sakafu ya mawe na matundu yaliyotobolewa kusimika misalaba. Altareni nani atakuruhusu kusogeza pua?

Mleta mada: Mdogo wangu, Verona wana nakala tangu zamani na bado wanazililia zenyewe. Wakili naye akumbuke mji wa Ghent, Ubelgiji. Mabawa, yaani picha za pembeni, ya altare iliyochorwa na ndugu wawili Van Eyck yaliuzwa, mfalme wa Prussia akayanunua, hapakuwa na wizi. Bado mwaka 1920 yalirudi Ubelgiji.

Wakili Mstaafu: Yalirudi kwa Mkataba wa Versailles, ule wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mkuu! Mshindi wa vita alimlazimisha aliyeshindwa. Ni mabavu yaleyale ya Napoleon, safari hii yamekupendeza wewe.

Mama wa Kilifi: Nimewasoma nyote, wanangu. Huyo Mtakatifu Zeno mapokeo yanasema alitoka Afrika Kaskazini, na humo basilikani ana sanamu ya uso mweusi, anatabasamu. Labda anatucheka sisi.

Kwetu Wamijikenda kigango, ile nguzo ya mbao tunayomchongea marehemu, kikishasimikwa hakihamishwi. Nyumba yote ikihama, chenyewe kinabaki. Vimeng'olewa vingi vikauzwa Marekani, na vichache vimeshaanza kurudi. Fundi amesema kweli kuhusu mahali. Lakini msivilinganishe. Verona misa inaendelea, nakala au si nakala. Kigango ni marehemu mwenyewe. Kikiibiwa, wenye nyumba wanangoja balaa. Kama Ufaransa inarudisha, Waitaliano nao wapange foleni, wasimame nyuma yetu.

Mleta mada: Mama, hapo umenibana. Foleni naikubali. Lakini kusimama nyuma si kufukuzwa kwenye mstari.

Mdogo wa Mwisho: Basi waziazime! Mwaka 2008 Louvre walifanya maonyesho ya Mantegna wakaziweka zote tatu pamoja. Kama za Tours ziliweza kwenda Paris, zote zinaweza kwenda Verona, hata kwa Pasaka moja.

Fundi Nakshi: Hilo ningelipanda ndege kulishuhudia. Ila nina swali la kazi, na sijaona mtu kuligusa. Picha hizo zimechorwa juu ya mbao, na mbao zake na za fremu zimeachana zaidi ya miaka 200. Fremu imekaa kanisani, baridi na joto vinapokezana. Picha zimekaa makumbusho, hewa inapimwa. Mbao hupinda, hunywea, kila moja kwa hewa yake. Siku zikifika Verona, zitaingia kwenye nafasi zake, au mtu atatoa randa? Na ataanza kupiga randa kipi, fremu au Mantegna?