Eti "DH ni D yenye mafua"! Wakuu, nimedhalilishwa mbele ya watu 214 kisa herufi

Kishada_Ke:

Wakuu salaam. Kwa kawaida humu watu hupeana pole ya majukumu. Mimi leo nipeni pole ya matusi.

Nimetoka huko sasa hivi. Mikono bado inatetemeka, chai imepoa na utando juu, sijaigusa. Simtaji jina. Mnamjua. Kila kikundi cha wasomaji mjini hapa yumo, kila alimo yeye ndiye admini, na kila ujumbe wake unaanza na "Wapendwa". Huyo huyo. Kama kwenu hayumo, endeleeni kusali hivyo hivyo, msibadilishe kitu.

Iko hivi. Mwezi huu kaanzisha shindano la kusoma kwa herufi. Unaokota kikaratasi, herufi iliyokuangukia unaitafutia kitabu ambacho jina lake linaanza nayo, unasoma, unaandika mapitio, mwisho wa mwezi kuna zawadi. Sharti: vitabu vya Kiswahili tu. Wazo zuri, sikatai. Sasa herufi zenyewe kazitoa wapi? Kwa Waingereza! Ishirini na sita kamili, A mpaka Z, na Q yao na X yao. Vitabu vya Kiswahili, herufi za Kiingereza. Hayo ni mashindano ya ngalawa yaliyopelekwa Dodoma.

Nikaokota X.

Mimi X naifahamu kwa jambo moja tu, ule mkasi wa kalamu nyekundu kwenye daftari langu la hesabu. Hatujawahi kuonana kwenye jalada.

Na yeye mwenye kikapu cha kura, alichokiandaa mwenyewe, akakitikisa mwenyewe kwenye video huku amefumba jicho moja (MOJA, tumehesabu), kaokota nini? K. Wakuu, kwa Kiswahili K si herufi, ni ghala la taifa. Kila kitenzi kina ku-, nusu ya vitu duniani vina ki-. Rusha ndala kwenye kabati la vitabu itatua kwenye K: Kusadikika, Kufikirika, Kichwamaji, Kichomi, Kuli, Kiu, Kinjeketile, Kisima cha Giningi, Kasri ya Mwinyi Fuad, Kufa na Kupona. Hivyo nimevitaja bila kuinuka kitini. Yeye anachagua kama bwana harusi dukani, mimi na X yangu nimeshika kadi ya mwaliko isiyo na ukumbi.

Nikasema tusigombane. Nikaandika kwa adabu, shikamoo imo ndani: "Kaka, X haimo kwenye alfabeti ya Kiswahili. Q nayo haimo, na C haitembei bila H. Ila tunazo zetu ambazo hukuzitia kikapuni: DH, GH, KH, TH, NY, NG'. Naomba nirudishe X nipewe DH. Kitabu ninacho tayari, Dhifa, mashairi ya Kezilahabi, cha 2008." Nikapiga na picha. Jalada limejikunja pembeni kwa jinsi nilivyokirudia. Ningekuwa nadanganya lingejikunja?

Akajibu kwa sauti. Ujumbe wa sekunde sita. Nimeusikiliza mara kumi na nne, mara mbili nikiwa bafuni:

"Dada, DH ni D yenye mafua. Soma X yako."

D yenye mafua.

Watu 214! Kicheko kilianza saa tatu usiku kikanyamaza saa saba. Wale wasioandika neno tangu 2021 waliamka wakacheka, wakarudi kulala. Kuna mama mmoja kazi yake ni kutuma dua ya asubuhi tu, naye kaweka vikatuni vitatu vya kucheka na machozi. Shemeji yangu yumo humo. Mume wangu hayumo, lakini alfajiri kaniuliza kwa upole kabisa, "Yamepungua?" Nikamuuliza nini. "Mafua."

Na tangu kupambazuka sina tena jina. Naitwa Dhada. "Dhada, umeamkaje?" "Dhada, dawa umepata?"

Lakini sikilizeni linalonikereketa. Huyo bwana dh yenyewe hana mdomoni! Anasema zahabu. Anasema zambi. Wiki iliyopita alikosa kikao akatuma sauti, "Wapendwa, nimepata zarura." Zarura! Yaani mtu asiyeweza kutamka dharau ndiye anayenidharau. Kwangu DH ina mafua, kwake ilishakufa zamani, ikazikwa, Z ikarithi nyumba.

Na mchango wa zawadi nililipa. Elfu tano, siku ya kwanza, ujumbe wa muamala ninao.

Nauliza wadau: nijitoe, au nibaki nimtafutie X ya kumziba mdomo? Na mtu asiniambie nisamehe, huo ushauri mama kashanipa. D yenye mafua, jamani. Sekunde sita.

Lorimoja:
Siti ya mbele. Mwenye karanga apitishe.

Pweza Mkavu:
Uzi wote nimeusoma kwa sauti ya puani. Pole sana Dhada.

Kishada_Ke:
Pweza, wewe si yeye kweli?

Chumvi Nyingi:
Hii ni chai, tena ya maziwa. Watu 214 wanasoma vitabu nchi hii? Hao wengi waliingia wakidhani ni kikundi cha mikopo.

Kishada_Ke:
Kumi na tisa ndio wanasoma. Waliocheka ndio 214.

Mzee wa Nukta:
Binti yangu, huyo bwana chuoni hakupita. Kiswahili kiliandikwa kwa hati ya Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kizungu, na humo DH ina herufi yake kamili, dhali. Tena Waarabu wana dhali, dhadi na dhaa, sisi zote tumezitia mfuko mmoja. Dali na dhali zimefanana umbo. Kinachozitenga ni nukta moja tu juu ya dhali. Mwambie akasome.

Pweza Mkavu:
Kwa hiyo mzee, ni D ile ile, ila juu yake kuna kitone kimening'inia. Mimi naona hilo ndilo kamasi lenyewe. Admini hajakosea.

Mzee wa Nukta:
Astaghfirullah.

Mwalimu wa Zamu:
Tuweke sawa. Ni herufi mbili, sauti moja, kama SH. Mbona SH hajaiita S yenye baridi? Na tofauti ina maana: duru ni mzunguko, kudhuru ni kutia madhara. Dawa ikikudhuru unakwenda hospitali. Dawa ikikuduru sijui unakwenda wapi.

Pweza Mkavu:
Unakwenda kwa mzunguko.

Mwana wa Kisauni:
Dadangu, shukuru wewe una X, haigombaniwi. Sisi huku Mombasa tulifanya shindano hilo kwa herufi zetu zote. Mimi nilipata CH, nikajipumzikia na Chozi la Heri, nilikisoma tangu shule. Kasheshe ilikuwa KH na H. Mwenye KH kila neno akilileta, mwenye H asema ni lake. Kheri au heri? Khabari au habari? Khatari au hatari? Walifikia kutajiana wazazi. Hadi sasa wakikutana msikitini kila mmoja ashika safu yake.

Lorimoja:
Wametajiana wazazi kwa kh au kwa h?

Jirani Mbaya:
X ipo mbona. Xala, Sembène Ousmane wa Senegali, 1973. Tajiri kaoa mke wa tatu, usiku wa harusi mwili ukagoma, akaanza kuzunguka kwa waganga. Raha yake ni kwamba X ya Kiwolof hutamkwa kama KH yetu. Mpelekee huyo bwana, atakuwa amepata X, amepata KH, na salamu zimefika.

Kishada_Ke:
Nilikipeleka!! Kasema si cha Kiswahili, kiliandikwa kwa Kifaransa. Nikamwambia na X si ya Kiswahili. Kanijibu kwa dole gumba. Mtu kakutukana mafua usiku, asubuhi anakupa dole gumba.

Fundi Feni:
Na Q ipo kwa Kiswahili safi. Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy. Jalada linaanza na Q.

Mzee wa Nukta:
Hicho si cha kuokotea kikaratasi, kijana. Kiache mahali pake.

Fundi Feni:
Samahani mzee. Nimefuta wazo.

Kasuku wa Posta:
Nyinyi mnalilia herufi mkiwa mmekaa kwenye makochi. Mimi nauza vitabu chini, kandokando ya barabara pale Posta, na tangu mashindano haya yaingie mjini nateseka. Mteja haulizi mwandishi wala hadithi. "Una cha Z?" Nampa Ziraili na Zirani cha Mkufya. Anakipima kwa vidole. "Huna cha Z chembamba?" Juzi kaja mmoja wa I, kapekua turubai lote, kaniambia namficha Inkishafi. Nimemwonyesha, hiki hapa, Al-Inkishafi. Kasema hapana, hiki cha A, nataka cha I. Nikamwambia basi ziba hiyo "al" kwa kidole. Akaziba! Akapiga picha jalada na kidole chake juu, akaondoka zake. Hajanunua. Vumbi la vitabu vyangu kalipeleka kwao bure.

Jirani Mbaya:
Nakazia. Na wale wanaopiga picha kurasa kumi na mbili halafu wanauliza bei.

Nyanya Chungu:
Afadhali wako kaondoka na picha. Mimi nilimwazima mtu Rosa Mistika kwa ajili ya R yake. Mnakumbuka kitabu kile kilivyopigwa marufuku mashuleni? Kwangu kilistahimili miaka yote hiyo, kwake kilikaa siku tisa. Kimerudi kina mchuzi wa nazi. Na katikati kuna mfupa wa samaki. Sio umedondoka, hapana. Umelazwa vizuri kabisa kuonyesha alipofika.

Chumvi Nyingi:
Samaki gani?

Nyanya Chungu:
Changu.

Chumvi Nyingi:
Najua kitabu ni chako mkuu, nauliza samaki.

Nyanya Chungu:
CHANGU. Samaki anaitwa changu!

Chumvi Nyingi:
Sasa kama samaki naye ni wako unalalamika nini?

Mwana wa Kisauni:
Subhanallah, huyu hajawahi kula samaki.

Kishada_Ke:
Wakuu, nawaheshimu, lakini huu uzi ni wangu. Tulikuwa kwenye mafua. Nijitoe au nisijitoe?

Pweza Mkavu:
Tulia Dhada, dawa ikuingie. Mkuu Nyanya, huo mfupa ulikuwa wa mgongo au wa ubavu?

Nyanya Chungu:
Wa mgongo. Ndio maana kitabu hakifungi.

Mwalimu wa Zamu:
Mimi niliwahi kurudishiwa kamusi haina herufi M. Yote imechanwa. Wamefungia vitumbua. Na M kwa Kiswahili mnajua unene wake, mtaa mzima ulikula vitumbua mwezi mzima kwa mgongo wangu.

Lorimoja:
Karanga zimeisha. Kwa faida ya wenye Q: Simba walipoanza 1936 waliitwa Queens. Sunderland imekuja baadaye, Simba lenyewe ni 1971. Kwa hiyo Q ni yetu kihistoria, mtuombe ruhusa.

Fundi Feni:
Majina matatu na ushee kama mtu anayekimbia madeni. Sisi Yanga ni wa 1935. Mnatutangulia kuongea wakati hamjatutangulia kuzaliwa. Shikamoo yetu iko wapi?

Lorimoja:
Shikamoo hutolewa kwa mkubwa mwenye adabu.

Mwalimu wa Zamu:
Hapa sasa uzi umepata maana. Fundi, kumbuka zile goli tano.

Fundi Feni:
Tano zipi? Zako au zangu? Taja mwaka tukae tuhesabu.

Chumvi Nyingi:
Mwenye video atupie.

Kishada_Ke:
Jamani? D yenye mafua? Sekunde sita? Hakuna hata mmoja?

Mzee wa Nukta:
Nakusikia binti. Ila ile tano ya kwanza mimi nilikuwepo uwanjani, wacha kwanza nimsahihishe huyu kijana.

Msomaji Mpya 01 (amejiunga leo):
Wapendwa, nimepita hapa kwa bahati tu. Naomba tuheshimiane, hizi zarau hazijengi.

Kishada_Ke:
NI YEYE!!! Someni hiyo Z! Wakuu ni yeye, kaingia mwenyewe!

Lorimoja:
Karibu jukwaani mgeni. Kabla hujakaa: Simba au Yanga?