Waandishi wa simulizi za kihistoria mnatudhulumu: hii mnayotuuzia si Yerusalemu ya 1187

Wakuu, heshima kwenu. Wasimamizi, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la dini. Sijaja kubishana dini ya nani ni ya kweli. Nalalamikia uandishi, na nalalamika nikiwa mteja niliyetoa hela yangu.

Kuna simulizi inauzwa kwa vipande kwenye makundi ya WhatsApp, unatuma hela kwa simu, unarushiwa sehemu inayofuata. Mwandishi simtaji, wanaoifuatilia wameshajua nasema ipi. Hadithi imewekwa Yerusalemu mwaka 1187, miezi ya mwisho kabla Sultani Salahuddin Ayyubi hajautwaa mji kutoka mikononi mwa Wafaranki, yaani Wakristo wa Ulaya waliokuja na Vita vya Msalaba. Habari za mji huo na zama hizo nazifuatilia tangu niko shule, kwa hiyo tangazo lilipotoka nililipia bila kuuliza. Nimeisoma mpaka mwisho wa msimu wa kwanza. Nina hasira, na msiniambie nipoe.

Sehemu ya kwanza tu, shujaa anaukaribia mji juu ya ngamia, anavuka matuta ya mchanga, midomo imepasuka kwa jua. Mchanga wa wapi? Yerusalemu iko milimani, kama mita 750 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya mawe ya chokaa, mizeituni na mizabibu, mashamba yamekatwa ngazi ngazi kwenye miteremko. Kuna miaka theluji inaanguka. Anayetoka bandari ya Jaffa ana kilomita kama 60 za kupanda, na akifika juu pumzi imemwisha. Jangwa lipo, ila liko upande wa pili, ukishuka kwenda Yeriko na Bahari ya Chumvi, nalo ni la majabali na makorongo.

Akishaingia mjini, anakaa sokoni anakunywa kahawa, pembeni mama mmoja anapanga mafungu ya nyanya. Mwaka 1187! Nyanya ni zao la Amerika, na hakuna mtu wa Mashariki ya Kati aliyeijua kabla ya Columbus kuvuka bahari mwaka 1492. Kahawa kama kinywaji tunaisikia kwa masufi wa Yemeni karne ya 15. Halafu kwenye sehemu nyingine shujaa anawatoroka maadui kwa kujitosa mtoni. Yerusalemu haina mto. Korongo la Kidroni hupitisha maji ya mvua tu, na watu wa mji waliishi kwa matangi ya chini ya ardhi yaliyovuna mvua za masika yao, pamoja na chemchemi iliyoko nje ya ukuta upande wa Silwani. Mfalme Baldwin wa Nne, yule mwenye ukoma, anatoa amri akiwa kwenye kiti chake cha enzi wakati alishafariki mwaka 1185. Nataja haya haraka kwa sababu si hayo yaliyoniuma zaidi.

Lakini kuta siwezi kuzipita haraka. Mwandishi ametumia karibu sehemu nzima kuzisifia kuta za mji: urefu wake, vinara vyake, lango la Dameski na mapambo yake ya juu. Kuta hizo zimejengwa na Sultani Sulaiman wa Uthmaniya kati ya mwaka 1537 na 1541. Anayoyasifia yalikuja miaka 350 baada ya hadithi yake. Kuba ya Mwamba nayo ameipamba kwa vigae vya buluu. Vigae ni vya Sulaiman huyohuyo. Mwaka 1187 nje ya jengo lile kulikuwa na nakshi za vijiwe vya rangi zilizoanzia zama za Abdulmalik bin Marwan, khalifa aliyelijenga, na juu ya kuba kulikuwa na msalaba, maana Wafaranki walikuwa wameligeuza kanisa. Msalaba huo ndio uliokuja kuteremshwa mji ulipotwaliwa. Kwa lugha nyingine, ndugu yetu alifungua picha za watalii kwenye simu, akaangalia, akaandika alichokiona. Mji wa zama za kati ameufanya turubai la studio ya kupigia picha, lile la kuchora bahari na minazi, watu wanasimama mbele yake wanakunja sura.

Sasa linaloniuma. Mpenzi wa shujaa ni binti wa Kiislamu, baba yake muuza manukato, nyumba yao iko jirani na Masjidul Aqsa, na kila alfajiri anaamshwa na adhana. Hapo mwandishi ameivunja hadithi yake mwenyewe kwa mikono yake. Mji ulipotekwa tarehe 15 Julai 1099, watu waliuawa ndani ya mji kwa namna ambayo hata waandishi wa upande wa Wafaranki wenyewe waliisimulia waziwazi. Baada ya hapo Waislamu na Wayahudi wakakatazwa kuishi Yerusalemu. Masjidul Aqsa ikawa kwanza makao ya mfalme, kisha makao makuu ya Wapiganaji wa Hekalu, watawa wa Kikristo waliobeba silaha, na kwenye kumbi za chini ya uwanja ule wakafungia farasi. Kwa miaka 88 adhana haikusikika pale. Ukimya huo ndio uzito wote wa mwaka 1187! Ukimweka binti anaamshwa na adhana kila siku, basi Salahuddin anakuja kurudisha nini?

Mwislamu aliweza kuingia kwa shughuli, akaswali, akaondoka. Usama bin Munqidh, mwungwana wa Shaizar kule Syria, ametuachia tukio lililompata mwenyewe. Wapiganaji wa Hekalu waliokuwa marafiki zake walimpa nafasi kwenye kijisikiti kidogo pembeni ya Aqsa. Amekwisha kupiga takbira, Mfaranki mmoja akamvamia, akamgeuza uso kuelekea mashariki, akamwambia hivi ndivyo watu wanavyoomba. Wale marafiki wakamtoa yule mtu. Walipogeuka tu, akarudi tena, akamgeuza tena. Wakamtoa mara ya pili, wakamwomba Usama radhi, wakamweleza kwamba huyu amefika karibuni kutoka kwao na hajawahi kumwona mtu anayeswali bila kuelekea mashariki. Someni tukio hilo mara mbili. Kuna hatari, kuna aibu, kuna urafiki usiotarajiwa, kuna mtu mgeni asiyejua mambo ya mji. Lipo kwa maandishi, bure kabisa, na mwandishi wetu ameliacha akaenda kubuni pambano la mapanga juu ya paa.

Na siku yenyewe ya mji kufunguliwa ameiandika "siku moja". Ilikuwa Ijumaa, tarehe 2 Oktoba 1187, mwezi 27 Rajabu mwaka 583 Hijria. Ishirini na saba Rajabu! Msomaji wa Tanga, wa Lamu, wa Unguja, aliyekulia kwenye maulidi na usiku wa Miraji, ukimwambia mji ambao Mtume alipaishwa kutoka kwake ulifunguliwa siku ya Miraji, mwili unamsisimka kabla hujaongeza neno. Ijumaa iliyofuata ndiyo ikasomwa hotuba ya kwanza, na kadhi Muhyiddin bin al-Zaki ndiye aliyepanda kuisoma. Baadaye ikaletwa mimbari kutoka Halab (Aleppo), Syria. Nuruddin Zengi, mtawala wa Syria kabla ya Salahuddin, alikuwa ameagiza ichongwe kwa ajili ya Aqsa wakati Aqsa bado iko mikononi mwa Wafaranki, akafariki mwaka 1174 bila kuiona ikifika. Mimbari ile ilidumu mpaka mwaka 1969 ilipochomwa moto. Hakuna hata herufi moja kuhusu haya kwenye simulizi niliyoilipia.

Upande wa Wakristo nao wamedhulumiwa vilevile, wameandikwa kama majambazi wenye misalaba kifuani, wote sura moja. Mwangalieni Balian wa Ibelin, mmoja wa mabwana wa Kifaranki. Baada ya jeshi lao kusambaratishwa na Salahuddin kwenye vita vya Hattin tarehe 4 Julai, alimwomba Salahuddin ruhusa aingie Yerusalemu kumchukua mkewe, Maria Komnene, na watoto. Akapewa, kwa kiapo kwamba atalala usiku mmoja tu na hatashika silaha. Akafika akakuta mji hauna mtu wa kuongoza ulinzi, watu wakamshika nguo, wakamlilia abaki. Patriaki Heraclius, mkuu wa kanisa mjini, akamwambia kiapo hicho anamfungua. Balian akamwandikia Salahuddin kueleza kilichompata, na Salahuddin akamkubalia, tena akaitoa familia yake salama chini ya ulinzi wa askari wake mwenyewe. Mtu amevunja kiapo kwa adui aliyemwamini, adui anamsitiria mke na watoto, kisha wanakwenda kupigana. Wewe mwandishi unatafuta kisa gani kingine?

Halafu kuna siku 40. Hapa ndipo nilipoitupa simu kitandani. Mji ulisalimu amri kwa masharti ya fidia: mwanamume dinari 10, mwanamke dinari 5, mtoto chini ya hapo, na muda wa kulipa ni siku 40. Asiyelipa anakuwa mateka. Malango yakafungwa, kila lango likawekewa wasimamizi, anayetoka lazima aoneshe kwamba amelipa. Balian akafanikisha dinari 30,000 kwa mkupuo kwa ajili ya maskini wapatao 7,000, na sehemu ya fedha zilizotumika ilikuwa ya Mfalme Henry wa Pili wa Uingereza, iliyokuwa imewekwa kwa Wauguzi wa Mtakatifu Yohana, watawa waliohudumia wagonjwa. Al-Adil, ndugu yake Salahuddin, aliomba apewe mateka 1,000, na alipopewa akawaachia huru. Patriaki akalipa dinari zake 10 akatoka na mali za makanisa huku maskini wakibaki nyuma, na Salahuddin alipoambiwa amzuie, akakataa kuvunja neno alilolitoa. Katibu wake, Imaduddin al-Isfahani, anaandika kwa uchungu jinsi wasimamizi walivyokula rushwa malangoni: wengine walishushwa ukutani kwa kamba, wengine wakatolewa wamefichwa ndani ya mizigo, wengine wakatoka wamevaa nguo za askari. Na bado maelfu hawakupata cha kulipa, wakaishia utumwani.

Saa inakwenda, malango yamefungwa, hela haitoshi, mama ana watoto watatu na fedha ya wawili. Kila mtu aliyewahi kukimbizana na ada ya shule au bili ya hospitali anaielewa hofu hiyo bila kufafanuliwa. Simulizi yetu imeruka siku zote 40 kwa sentensi hii, naiweka kama ilivyo: "Baada ya siku nyingi za huzuni, watu waliondoka." Sentensi moja! Pambano la paa lilichukua sehemu nne, na zote nimelipia.

Najua watakuja wa "mkuu, hii ni hadithi tu, kubuni kumeruhusiwa". Kumeruhusiwa, na sijamlaumu kwa kumbuni shujaa, wala mpenzi, wala adui mwenye kovu. Ila ukiniuzia mji wenye jina na mwaka wenye tarakimu, umeniahidi mji huo na mwaka huo. Kama hutaki kusoma, buni mji wako, upe jina lako, panda nyanya utakavyo.

Wengine watasema vitu vya kusoma hakuna. Vipo. Al-Muqaddasi, mzaliwa wa Yerusalemu yenyewe, karne ya 10, anaupenda mji wake na bado anasema waziwazi kwamba mabafu yake ni machafu kupindukia na wanazuoni ni wachache. Mwenyeji ndivyo anavyozungumza kwao! Zama za Wafaranki mahujaji walinunua chakula kilichopikwa kwenye mtaa walioubatiza Mtaa wa Mapishi Mabaya, na kwenye matao ya soko la pale mpaka leo jina la kanisa la Mtakatifu Anna limechongwa kuonesha maduka yale yalikuwa mali ya nani. Kulikuwa na hospitali kubwa ya Wauguzi jirani na Kanisa la Kaburi Takatifu. Kanuni zao za mwaka 1182 zinaagiza madaktari wanne, kila mgonjwa na kitanda chenye shuka zake, na vitanda vidogo kwa watoto wachanga wa mahujaji waliojifungulia humo, ili mtoto alale peke yake. Mwanamke amesafiri kutoka Ulaya na mimba, amejifungua Yerusalemu, miaka mitano baadaye mji unazingirwa. Mtoto huyo yuko wapi? Mtu mwenye kalamu angeanzia hapo.

Msimu wa pili umeshatangazwa, na bei imepandishwa. Mwandishi, najua humu unaingia. Nataka mambo mawili. Sehemu ya siku 40 iandike upya, na uwatumie bila malipo wote waliolipia msimu wa kwanza. Na mpaka utakapofanya hivyo, futa maneno "kisa cha kweli cha kihistoria" kwenye tangazo lako. Wenzangu mliolipia, wekeni hapa chini makosa mengine mliyoyaona, na sehemu ya ngapi, ili asije akasema hakuambiwa.