Sanamu ya mpagazi imegeuzwa wakala wa laini za simu, Tabora tunaona sawa tu??

Wana Tabora nimechoka. Leo asubuhi nampeleka mwanangu shule na baiskeli, kufika kwenye kipilefti cha mtaani kwetu ananiuliza baba, huyu ni wakala wa laini? Sikuwa na jibu.

Huyo "wakala" ni mpagazi jamani, mbeba mizigo wa misafara ya zamani! Wakubwa mnamkumbuka, kifua wazi, pembe ya ndovu begani, fundi wala hakuwa mtaalamu kivile ila ukimwangalia magoti unaona kabisa huyu mtu kachoka. Sasa kuna kampuni wakapewa kipilefti "wakitunze", wamemchorea fulana yenye nembo yao, pembe imevunjika nusu, nondo zimebaki zinatoa kutu na hapohapo kwenye nondo ndo wamefunga bango la vifurushi. Shingoni jamaa wa bajaji wanaanika matambara, na siwalaumu, nani atajua ile ni kumbukumbu?

Huyu ni babu yetu bwana. Bagamoyo mpaka Ujiji ni kama kilomita 1,200, wazee wa Kinyamwezi waliipiga hiyo njia kwa miguu na mzigo wa kilo 30 hivi, enzi hizo kijana ambaye hajafika pwani anaonekana bado mtoto. Nenda Kwihara utakuta tembe la Livingstone, yule mpelelezi Mzungu, sina ugomvi nalo, alikaa pale 1872 na mwandishi wa habari Stanley. Ujiji nako watu wanaenda kuona walipokutana hao hao wawili 1871. Ila Livingstone alipofariki 1873 maiti yake ilipita hukuhuku kwetu, watumishi wake akina Susi na Chuma na wenzao wameibeba mpaka Bagamoyo, wamefika 1874! Hao waliobeba wana nini? Sisi mtaani tulikuwa na mmoja tu wa simenti, tena sura mbaya mbaya, na yeye tumemvalisha fulana ya promosheni.

Ofisi inayohusika nimeenda mara mbili. Ya kwanza naambiwa faili analo mtu yuko likizo. Ya pili dada wa pale ananiambia "kaka, lakini si amependeza?" Amependeza!!

Mwenye picha yake ya zamani aitupie hapa, hata ya harusi, najua mabwana harusi wengi mlipiga pale. Kuna fundi kakubali kumrudishia pembe kwa bei ya simenti tu, ila anataka kuona ilikuwa imepindia upande gani.