Mjadala: Muuguzi achanje bila kungoja sahihi ya daktari?

Muuguzi, Kadutu

Ndugu zangu wa Bukavu, swali ni hilo, na mimi nasema ndiyo.

Kwenye kituo nilichofanyia kazi zamani alikuja mama kutoka Bagira na mtoto wa miezi kumi, ameungua mkono kwa uji. Nilipomaliza kumfunga bandeji nikaomba fishi, kadi yake ya chanjo. Akaitoa ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. Penta, ile sindano moja yenye chanjo tano, zote tatu zipo. Pa surua, ya miezi tisa, peupe. Chanjo ilikuwa kwenye frigo, hatua chache tu kutoka tulipokaa. Lakini desturi ya pale ilikuwa hivi: nje ya siku ya chanjo, huchanji mpaka daktari aandike, na daktari alikuwa mkutanoni. Tukamwambia arudi Alhamisi. Alhamisi hiyo nilimtafuta kwa macho benchi zima. Hakuja, wala Alhamisi iliyofuata.

Ninachokiomba ni agizo la kudumu. Daktari anaandika mara moja na kutia sahihi: nani achanjwe, nani asichanjwe, dozi gani, sindano iingie wapi, nini kiandikwe kwenye fishi na kwenye rejista, na mtu akipatwa na mzio mkali adrenalini itolewe vipi. Baada ya hapo muuguzi aliyefunzwa anachanja bila kuomba ruhusa kwa kila mgonjwa. Marekani, kamati yao ya ushauri wa chanjo ilipendekeza njia hii kwa watu wazima mwaka 2000. Mwaka 2002 serikali yao ikaondoa sharti la sahihi ya daktari kwa kila mgonjwa, kwa chanjo ya mafua na ya nimonia, katika hospitali na nyumba za wazee zinazolipwa na bima ya serikali.

Na sisi si wageni wa jambo hili. Siku za kampeni muuguzi anachanja foleni nzima, hakuna daktari anayemtazama kila mtoto. Kwa nini mtoto yuleyule ahitaji sahihi Jumatatu?

Nawafikiria na wenzangu pia. Chanjo ya hepatiti B, ugonjwa wa ini unaoambukizwa kwa damu, kwa mtu mzima ni dozi tatu kwa miezi sita. Wanaochoma sindano na wanaofua mashuka yenye damu, ni wangapi wamemaliza zote tatu? Agizo likiwepo, tungechanjana asubuhi kabla ya kuanza zamu.

Daktari, Ibanda

Mama, sikatai. Ila mtoto akipata shida, sahihi ni yangu na mimi sikuwepo. Halafu kichupa cha surua kina dozi kumi. Ukikifungulia mtoto mmoja, muda wa saa sita ukipita unatupa tisa. Nani atajibu kwenye zone, kwa wakubwa wa afya wa eneo?

Mama wa watoto wanne, Panzi

Mimi mambo ya sahihi siyajui. Najua nauli ya moto, hizi pikipiki, kwenda na kurudi. Mkinirudisha nyumbani mara mbili, ya tatu mnajua nitakuwa sokoni. Lakini mniulize kwanza! Mtoto wangu asichomwe eti kwa sababu karatasi ipo ukutani.

Muuguzi, Kadutu

Dada wa Panzi, umesema kweli, na hilo liandikwe mstari wa kwanza: mzazi aelezwe, akubali. Agizo linaondoa kumngoja daktari. Mzazi habaki nje.

Dokta, dozi tisa zinaniuma na mimi, maana nimewahi kukaa mwezi mzima bila chanjo kwenye frigo. Lakini kichupa kikifunguliwa, tuna saa sita: tupite wodini, tupite kwenye foleni ya wanaopimwa uzito, tuombe kila fishi. Akibaki mmoja tu, mimi nitamfungulia. Surua ikiingia mtaa wa watu waliobanana kama Kadutu haimwachi ambaye hakuchanjwa. Na hofu yako ya shida, ndiyo hasa inayotaka karatasi: leo adrenalini iko kabatini na ufunguo anao mtu aliyekwenda nyumbani.

Anza na surua peke yake, Dokta. Ukurasa mmoja. Nitauleta mwenyewe Ibanda uusome.