Naomba ushauri: kanda za hadithi za redio zimeota ukungu

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Niko Mikindani, Mtwara. Marehemu baba alikuwa na redio kaseti, na enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam alikuwa akirekodi hadithi za kipindi cha Mama na Mwana. Sisi watoto tumejazana mkekani, yeye kidole mdomoni: "Shii, msikohoe, mtaingia kwenye kanda."

Nimebaki na kanda 11, za dakika 60 na 90. Kwenye moja, hadithi ikiwa katikati, mama anasikika kwa mbali akituita tukabangue korosho. Mama naye hayupo tena. Hiyo ndiyo sauti yake pekee niliyonayo.

Sasa unyevu wa bahari umeziingia. Ukichungulia kwenye kidirisha unaona kama unga mweupe juu ya utepe. Mwezi uliopita nilimpelekea fundi kanda moja, akaitia kwenye redio yake vilevile bila kuisafisha, utepe ukajisokota, ukakatika. Nililia.

Naombeni mnisaidie: ukungu huu unasafishwaje bila kuharibu sauti? Utepe uliokatika naweza kuuunga kwa selotepu ya kawaida? Na kuna mtu huku kusini, hata Lindi au Masasi, anayehamishia kanda kwenye kompyuta, nikakae naye palepale? Kuzituma Dar kwa basi naogopa.

Ile yenye sauti ya mama sijaigusa. Nimeifunga kwenye leso, iko juu ya kabati.