Dauntless, Helldiver au Val: nichukue ipi?

KijanaWaAnga: Wakuu salama? Kuna jamaa anarudi toka Dubai, nataka aniletee modeli ya plastiki ya kuunganisha, ndege za vita ya pili zilizokuwa zinaruka toka meli za kubeba ndege na kushuka wima kudondosha bomu. Nimebaki na Dauntless na Helldiver za Mmarekani, na ile Aichi ya Mjapani, Val. Nichukue ipi?

MzeeGundi: Skeli gani, yaani imepunguzwa mara ngapi kulinganisha na ndege halisi? Bajeti? Unapaka kwa brashi au kwa kupuliza? Mnauliza nusunusu halafu mnataka jibu zima.

Bahari77: Dauntless, hakuna mjadala. 4 Juni 1942 kwenye mapigano ya Midway kule Pasifiki, ndani ya dakika chache tu meli za Mjapani za kubeba ndege Akagi, Kaga na Soryu zote zinawaka moto, Hiryu ikafuata jioni. Akagi walimalizana nayo rubani Dick Best na wenzake wawili tu!! Halafu cheki breki zake nyuma ya bawa, zimetobolewa matundu kama chujio, ndo yanapunguza mkia kutikisika ndege ikishuka digrii 70. Modeli utakayochukua, hayo matundu yasiwe ya kuchorwa tu, utajuta.

Tumbo_Joto: Mabawa ya Dauntless hayakunjwi, itakula kabati zima. Helldiver inakunja na bomu linakaa tumboni.

Bahari77: Na waliokuwa wanairusha wakaiita Mnyama, unadhani walikuwa wanaisifia? Imeingia vitani Rabaul, kambi ya Mjapani huko Pasifiki, Novemba 1943 kazi kubwa ishafanyika.

MzeeGundi: Helldiver msinikumbushe. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, hela imeshatoka, boksi likaja limebonyea kona, nafungua kioo cha rubani kina ufa toka mbele mpaka kwa mpiga bunduki wa nyuma, nikasema poa nitavumilia, kuweka stika kwenye maji zile nyota zikakatika vipande vipande zinaelea kama… basi tu. Namwandikia ananijibu eti zilikaa stoo muda mrefu. Sa mimi nifanyeje na stoo yako? Hela hakurudisha.

Nyali_Boy: Chukua Val bana. Magurudumu hayakunjwi, kazi nyepesi. Na hizo ndo zilizamisha meli za kivita za Mwingereza Cornwall na Dorsetshire 5 Aprili 1942, siku nne baadaye Hermes, huko Ceylon (Sri Lanka ya leo). Mwingereza akahamishia meli zake Kilindini, Mombasa kwetu hapa.

Tumbo_Joto: Kilindini hii hii?

Nyali_Boy: Hii hii. Hadi wale wa kusoma siri za redio za Wajapani waliwekwa shule ya Allidina Visram.

Tumbo_Joto: Acha wee. Shangazi yangu kasoma pale hajawahi kusema.

Nyali_Boy: Shangazi yako kasoma 1942?

KijanaWaAnga: Jamani skeli sijui, iwe ya kukaa juu ya kabati la TV. Bajeti tutaongea.

MzeeGundi: 1/48 basi. Upana wa TV ni nchi ngapi?

Bahari77: Kwanza huyo jamaa wa Dubai amebakiza kilo?